Apolo Kivebulaya, Mtume wa Msituni

Kuna swali ambalo kila mwanafunzi hulisikia tangu darasa la kwanza mpaka anapomaliza shule: utakuwa nani ukiwa mkubwa? Hapa Olkaria jibu liko karibu sana. Mabomba ya mvuke yanapita kando ya barabara, basi wengi husema watakuwa wahandisi wa mvuke. Wengine husema madaktari, wengine mawakili, na siku hizi wako wanaosema watakuwa wachezaji wa mpira wa kulipwa. Hayo yote ni majibu mazuri. Lakini kuna swali jingine ambalo halijibiwi kwa kutaja kazi, nalo ni hili: Mungu aliniumba kwa ajili gani? Mtu anaweza kupata kazi nzuri, akajenga na nyumba ya mawe, na bado swali hilo likamnyima usingizi.

Katika makala haya ningependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelitafuta jibu hilo kwa muda mrefu. Alilitafuta vitani, akalitafuta katika vikundi vya dini, na mwisho akalipata pahali ambapo hakuna mtu angetaka kwenda. Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya wa Uganda, ambaye watu wengi humwita mtume wa msituni. Alifariki mwaka wa 1933, yaani zaidi ya miaka tisini iliyopita, lakini jina lake bado linatajwa Uganda, Kongo na hata Uingereza.

Apolo alizaliwa karibu mwaka wa 1864 pahali panapoitwa Kiwanda, katika eneo la Singo, Buganda. Wakati huo hakuwa akiitwa Apolo. Alizaliwa pacha, na kwa desturi za Waganda pacha wa kiume anayetangulia huitwa Waswa. Basi hilo ndilo lililokuwa jina lake. Baba wa mapacha hupewa heshima ya kuitwa Salongo, na mama huitwa Nalongo. Kwa hivyo unaweza kusema kwamba kijana huyu alikaribishwa duniani kwa shangwe, maana mapacha kwa Waganda si jambo dogo.

Alipokuwa kijana, Buganda ilikuwa inatokota kama chungu juu ya mafiga. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa amewakaribisha wageni wa dini mbalimbali katika mji wake. Waislamu walikuwa wamefika mapema kutoka pwani. Mwaka wa 1877 wakafika wamishonari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka wa 1879 wakafika Wakatoliki kutoka Ufaransa. Kila kundi lilifundisha watu kusoma, na kila kundi lilikuwa na wafuasi wake katika baraza la Kabaka. Mutesa alikufa mwaka wa 1884 na mwanawe Mwanga akatawala. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi Wakristo walichomwa moto Namugongo. Vijana hao wengine walikuwa wa umri wetu tu. Mwaka wa 1888 Mwanga mwenyewe aling'olewa kitini, na baada ya hapo nchi ikaingia katika vita. Waislamu walipigana na Wakristo, kisha mwaka wa 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao pale Mengo.

Sasa jiweke katika viatu vya kijana Waswa. Kila upande unasema Mungu yuko nao, na kila upande una bunduki! Kwanza kijana huyu alifundishwa na Waislamu, akawa mmoja wao na kuingia vitani upande wao. Baadaye akahama, akajiunga na upande wa Waprotestanti. Tafadhali msomaji, nisieleweke vibaya. Sisemi haya ili kuwadharau wenzetu Waislamu, kwa maana tunasoma nao na tunaishi nao vizuri. Ninachotaka uone ni kwamba siku hizo mtu alikuwa akibadilisha dini kama askari anavyobadilisha kikosi. Alifuata bendera. Waswa alikuwa na dini, tena zaidi ya moja kwa zamu, lakini bado hakuwa amejua anaishi kwa ajili ya nini. Alikuwa mpiganaji hodari, basi.

Hapo ndipo lilipotoka jina la Kivebulaya. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi lililotoka ng'ambo. Kwa Kiganda, Bulaya ni Ulaya, na watu wakaanza kumwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Lilikuwa jina la utani tu, kama yale tunayopeana hapa shuleni, lakini lilimshika mpaka kaburini. Inachekesha kidogo, kwa sababu mtu aliyepewa jina la koti ndiye baadaye alikuja kuishi bila kujali mavazi wala mali.

Mwishoni mwa mwaka wa 1893 kulitokea uamsho mkubwa katika kanisa la Buganda. Mmishonari mmoja, George Pilkington, alikuwa amevunjika moyo kwa kuona kwamba kazi yake haina nguvu. Akaenda peke yake katika kisiwa cha Kome, ndani ya ziwa Viktoria, akakaa huko akiomba. Aliporudi, mahubiri yake yalikuwa yamebadilika. Watu walianza kuambiwa kwamba kuwa msomaji wa vitabu vya dini hakutoshi, kwamba kila mtu ni lazima amjue Mungu mwenyewe, moyoni. Maelfu walikuja kusikiliza. Waganda wengi vijana wakajitolea kwenda kufundisha nchi jirani, tena kwa miguu.

Waswa alikuwa mmoja wa watu walioguswa katika miaka hiyo. Alibatizwa mwaka wa 1895, na akachagua jina la Apolo. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya kumi na nane utamkuta Apolo wa kwanza, mtu wa Aleksandria aliyekuwa hodari wa maneno lakini bado alihitaji kufundishwa vizuri zaidi. Nadhani mwenzetu huyu alijua alichokuwa akichagua. Mwaka huo huo alitumwa Toro, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, awe mwalimu wa dini.

Mbele ya Toro kuna bonde la mto Semliki, na ng'ambo ya bonde hilo kuna milima mingine. Huko kulikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Mboga, ambayo leo huitwa Boga. Chifu wake alikuwa Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda huko, lakini mambo yaliwashinda. Tabaro alipoona mafundisho yao yanagusa pombe na wake wengi, alikataza watu wasiwape chakula. Njaa haina adabu. Walimu wale wakafunga virago na kurudi.

Nani angekubali kwenda kuchukua nafasi yao? Apolo alisema atakwenda. Ilikuwa mwaka wa 1896. Alivuka lile bonde lenye joto kali akafika Mboga, na alipoona kwamba huenda naye atanyimwa chakula, alichukua jembe akalima shamba lake mwenyewe. Mimi nikisoma hapo nilicheka kwa furaha. Mwalimu anayelima chakula chake hawezi kufukuzwa kwa njaa! Watu wakaanza kuja kusoma. Waliojifunza walipoongezeka, Tabaro alikasirika zaidi. Apolo alichapwa. Nyumba yake ikachomwa moto. Hata hivyo hakuondoka.

Kisha likatokea jambo baya kuliko yote. Watu walipokuwa katika kazi ya ujenzi, dada yake chifu alichomwa na mkuki kwa ajali akafa. Lawama zote zikamwangukia Apolo. Alishtakiwa kwa mauaji, akafungwa minyororo, akapelekwa mpaka Toro kwa afisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Hebu fikiria. Umeacha kwenu, umejitolea, umelima, umepigwa, na malipo yako ni kuitwa muuaji. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema kwamba ameikosea njia, kwamba hilo silo lililokuwa kusudi la maisha yake.

Katika siku hizo za taabu huko mwanzoni, wakati Apolo alipokuwa karibu kukata tamaa kabisa na kurudi kwao, usiku mmoja alimwona Yesu Kristo. Yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo mara nyingi katika maisha yake. Alisema kwamba aliyemtokea alikuwa aking'aa kama jua, na kwamba alimtia moyo na kumwambia asiogope kwa sababu yuko pamoja naye. Apolo alisema kwamba tangu usiku ule hofu ilimtoka, na alipozungumza na watu maneno yake yakawa na nguvu ambayo hayakuwa nayo mwanzoni.

Wako watakaosema kwamba ilikuwa ndoto tu ya mtu mwenye taabu. Mimi sikuwako, na hata wao hawakuwako. Lakini tunaweza kuutazama mti kwa matunda yake. Kabla ya hapo Apolo alikuwa mtu wa kufuata kundi: kundi la askari, kundi la dini hii, kundi la dini ile, hata kundi la walimu waliotumwa. Baada ya hapo alikuwa na mtu wa kumfuata. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kundi linaweza kukutuma kazi, na kundi hilo hilo likakusahau ukiwa gerezani. Apolo aligundua gizani kwamba kuna mmoja ambaye hakumsahau, na akaamua kwamba maisha yake yote ni ya huyo mmoja.

Sisi wa Olkaria tunaweza kuelewa jambo hili kwa urahisi. Mvuke ulikuwa chini ya miguu ya babu zetu miaka na miaka. Wafugaji walipita juu yake na ng'ombe wao, wakaona moshi ukitoka kwenye nyufa za miamba, wakaenda zao. Mpaka mafundi walipochimba visima virefu sana ndipo nguvu ile ikapata njia, na mwaka wa 1981 umeme wa kwanza ukatoka hapa kwetu, megawati 15. Mwanzoni hakuna kitu kilichoongezwa chini ya ardhi. Ilichimbwa njia tu, na kuchimba kunaumiza ardhi. Nafikiri mateso ya Mboga yalimchimba Apolo namna hiyo.

Basi kesi ilichunguzwa, ikaonekana hana hatia, akaachiliwa. Unadhani alikwenda wapi? Alirudi Mboga! Alirudi kwa Tabaro yule yule. Chifu alishangaa sana. Alikuwa amejaribu njaa, fimbo, moto na gereza, na bado mtu huyu anarudi kumsalimia kwa upole bila kulipa kisasi. Tabaro alishindwa na hali hiyo. Mwishowe yeye mwenyewe aliamini, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo lilimfaa, kwa maana hata Paulo wa kwenye Biblia alianza kwa kulitesa kanisa.

Askofu Alfred Tucker alimfanya Apolo shemasi mwaka wa 1900, na mwaka wa 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alitumika Toro, akitembea vijijini, akijenga makanisa ya nyasi na kufundisha watu kusoma. Wakati huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakipimana mipaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa huko wakabaki kama watoto walioachwa na mama ng'ambo ya mto. Karibu mwaka wa 1915 Apolo aliomba arudi kwao. Tangu hapo Mboga ikawa nyumbani kwake mpaka kufa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ya maisha yake iliyompa jina la mtume wa msituni. Magharibi mwa Mboga unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Ndani ya msitu huo wanaishi Wambuti, watu wafupi wa kimo ambao waliishi kwa kuwinda na kukusanya asali na matunda ya msituni. Walikuwa wakihama-hama, na walibadilishana nyama kwa ndizi na wakulima waliokaa pembeni mwa msitu. Majirani zao wengi waliwadharau. Hawakuwahesabu kama watu kamili. Tusiwacheke majirani hao, kwa sababu hata huku Bonde la Ufa tulikuwa na dharau hiyo hiyo. Wawindaji wa msitu wa Mau, yaani Waogiek, waliitwa Ndorobo, jina linalotokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe. Ilikuwa kama kusema huyu si kitu kwa sababu hana kitu.

Mwaka wa 1921, Apolo akiwa na umri wa karibu miaka hamsini na saba, alipata maono tena. Safari hii alimwona Kristo kwa umbo la mtu aliyesimama karibu naye kama ndugu, akamwambia aende akahubiri msituni, na kwamba hatakwenda peke yake. Ona jambo hilo, msomaji. Kwa mara ya pili ahadi ilikuwa ile ile ya kwanza. Hakuahidiwa mshahara mkubwa wala cheo, wala hakuambiwa kwamba watu watampigia makofi. Aliahidiwa kuwa na mwenzake njiani.

Katika umri huo watu wengi hufikiria kustaafu na kukaa chini ya mti na wajukuu. Apolo alichukua fimbo akaingia msituni. Kazi haikuwa rahisi. Wambuti walikuwa waoga wa wageni, na wakisikia nyayo walipotea kati ya miti. Unaweza kupita hatua chache kutoka kwao na usiwaone. Apolo hakuwakimbiza. Alikwenda, akakaa, akarudi, akaenda tena, mpaka wakamzoea na kujua kwamba hataki nyama yao wala pembe za ndovu. Alijifunza lugha yao, akawafundisha kusoma, na akaifasiri Injili ya Marko katika lugha yao. Watu ambao wengine waliwaona kama wanyama wa msituni, yeye aliwaketisha na kitabu mkononi. Wapo walioamini na kubatizwa.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika maisha ya Kivebulaya. Watu wengi wanaosema wamempata Mungu huishia kujiona wao ni bora kuliko wengine. Tunawajua. Mtu anaokoka, halafu hasalimii jirani tena. Kwa Apolo ilikuwa kinyume. Kadiri alivyomkaribia Mungu ndivyo alivyozidi kuwakaribia watu waliosahauliwa. Kwanza alitoka mjini Mengo akaenda Toro. Kutoka Toro akaenda Mboga, na kutoka Mboga akaingia msituni. Kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na vyeo, na karibu zaidi na watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Vyeo hata hivyo vilimfuata huko huko. Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa nyakati hizo. Angeweza kutumia cheo hicho kupata nyumba nzuri Kampala. Alipokea heshima hiyo, akashukuru, akarudi Boga. Hakuoa. Nyumba yake ilijaa watoto, wengi wao yatima, ambao aliwalea na kuwafundisha. Pesa alizopata aliwagawia wenye shida. Alilima, alipanda miti na migomba, na watoto wa nyumbani kwake walijifunza kazi kwa kumwona yeye akiifanya.

Mapema mwaka wa 1933 alikuwa mgonjwa na akapelekwa hospitali ya Mengo. Moyo wake ulikuwa umechoka. Marafiki walitaka akae huko atunzwe. Ingekuwa ni wewe, si ungekaa karibu na madaktari na jamaa zako? Apolo alijua kwamba siku zake ni chache na akaomba kitu kimoja tu, arudishwe kwake Boga. Alisafirishwa safari ile ndefu, akafika, akawaaga watu wake. Tarehe 30 Mei 1933 alifariki.

Kabla ya kufa aliacha ombi la ajabu kidogo kuhusu kaburi lake. Desturi ya huko ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu. Mashariki ndiko kulikokuwa kwao Buganda, alikozaliwa na shangwe za mapacha. Magharibi ndiko kulikokuwa na kazi ambayo haijaisha. Alizikwa kama alivyoomba, na wanafunzi wake wakaelewa bila kuhubiriwa wapi pa kwenda.

Wakaenda. Kanisa alilolianzisha na watu wachache pale Boga likaenea pole pole katika mashariki ya Kongo. Mwaka wa 1972 Boga ikawa dayosisi, na mwaka wa 1992 Waanglikana wa nchi ile wakapata jimbo lao wenyewe lenye askofu mkuu wao. Mkoa wa Ituri umeonja machungu mengi ya vita tangu wakati huo, na watu wa huko bado wanahitaji maombi yetu. Lakini kila tarehe 30 Mei Apolo hukumbukwa katika kalenda ya kanisa, hata kule Uingereza. Yule aliyeitwa kitu kilichotoka Ulaya sasa anakumbukwa na Ulaya kama mtu aliyetoka Afrika.

Je, sisi wanafunzi tunajifunza nini? La kwanza ni kwamba kuwa katika dini si sawa na kumjua Mungu. Wengi wetu tumezaliwa katika dini za wazazi wetu. Tunakwenda kanisani au msikitini kwa sababu nyumbani kila mtu anakwenda, kama Waswa alivyofuata kikosi. Hilo si kosa, ni mwanzo. Lakini itafika siku ya Mboga, siku ambayo kikosi hakipo, mama hayupo, mwalimu wa zamu hayupo, na umebaki wewe na Mungu wako. Siku hiyo imani ya kuazima haitoshi.

La pili ni kwamba kusudi la maisha halipatikani kwa kukaa chini na kulifikiria tu. Apolo hakuonyeshwa msitu wa Ituri alipobatizwa mwaka wa 1895. Alionyeshwa Toro. Akatii, akaonyeshwa Mboga. Akavumilia, na baada ya miaka ishirini na sita ndipo akaonyeshwa msitu. Kwa hivyo mwenzangu ambaye bado hujui utakuwa nani, usiwe na haraka sana. Fanya vizuri lile dogo lililo mbele yako, hata kama ni kumsaidia mdogo wako hesabu au kumpelekea maji nyanya yako. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, na ndilo gumu zaidi, ni kujiuliza msitu wetu uko wapi. Kila darasa lina mwanafunzi ambaye hakuna anayekaa naye. Kila kijiji kina boma ambalo watu hupita bila kubisha hodi. Mvuke unaotoka hapa kwetu huwasha taa katika miji ya mbali, na bado kuna watoto karibu nasi wanaosoma kwa koroboi. Mtu akisema amempata Mungu, sisi tuna haki ya kumwuliza amemtuma wapi. Kivebulaya hakungoja kuulizwa. Hata akiwa kaburini, kichwa chake kinaonyesha njia.

Wale wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, Mungu awe nanyi katika chumba cha mtihani, na zaidi ya hapo awe nanyi siku mtakapotoka nje ya lango la shule na kuulizwa na dunia mmekuja kufanya nini. Kazi kwenu, kazi kwetu.